Mpindo wa Lenzi na Mpindo wa Mkono: Usahihishaji wa Mipotoko ya Taswira na Usomaji wa Miswada ya Kiswahili

1.0 Utangulizi



Mwashi anayejenga ukuta haamini macho yake peke yake. Huning'iniza timazi, akausubiri uzi utulie, kisha akaupima ukuta kwa uzi huo. Uzi wenye uzito hauwezi kupinda; kwa hiyo palipo na tofauti baina ya uzi na ukuta, kosa ni la ukuta. Kanuni hii ya kale ndiyo iliyo ndani ya vyombo vya kisasa vinavyonakili kurasa za vitabu kwa mwanga. Chombo hupewa kitu ambacho unyoofu wake unajulikana, taswira yake hutazamwa, na mpindo wowote unaoonekana huhesabiwa kuwa ni wa chombo.

Jambo hili ni la wanafizikia, lakini linawahusu wataalamu wa Kiswahili kwa sababu iliyo wazi. Sehemu kubwa ya maandishi ya Kiswahili ya kabla ya karne ya 20 imeandikwa kwa hati za Kiarabu, na leo maandishi hayo husomwa zaidi katika taswira kuliko katika karatasi yenyewe. Barua za Kiswahili za mwaka 1711 zimehifadhiwa Goa, India. Makusanyo ya W.E. Taylor, William Hichens na Alice Werner yako London. Miswada iliyokusanywa Dar es Salaam iliorodheshwa na J.W.T. Allen katika katalogi iliyochapishwa mwaka 1970. Mwanafunzi wa leo hukutana na hazina hizi kwenye kioo cha kompyuta. Baina yake na mwandishi imesimama lenzi, na nyuma ya lenzi imesimama programu ya kuisahihisha lenzi hiyo.

Mhadhara huu unakusudia kueleza mambo matatu: namna vyombo vya mwanga vinavyopotoa taswira, namna mipotoko hiyo inavyoondolewa, na mahali ambapo usahihishaji unaweza kuingilia matini yenyewe. Hoja kuu ni kwamba usahihishaji ulio halali ni ule tu unaoweza kutenganisha mpindo uliosababishwa na lenzi na mpindo uliosababishwa na mkono wa mwandishi. Wa kwanza hauna budi kuondolewa. Wa pili ni ushahidi, na hakuna mwenye haki ya kuuondoa.

2.0 Suala la Istilahi

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada, yafaa kuangalia maneno. Jambo linalozungumzwa hapa limekuwa likiitwa kwa majina mbalimbali: upotovu, upotoshaji, mpindo, mvurugo. Neno "upotovu" limekwisha kushikwa na maadili. Husemwa juu ya mtu aliyeiacha njia njema. Neno "upotoshaji" limebeba kiambishi cha kusababisha, kwa hiyo humtaka mtendaji mwenye nia, kama mtu anayepotosha habari. Lenzi haina nia. Hupinda miali kwa kadiri ya umbo lake na aina ya kioo chake.

Katika mhadhara huu limetumika neno "mpotoko", kutokana na kitenzi "potoka", kwa utaratibu ule ule uliotupatia mgeuko kutoka geuka, mpasuko kutoka pasuka na mporomoko kutoka poromoka. Kiambishi -k- hueleza hali iliyokipata kitu bila kumtaja aliyeisababisha, na hiyo ndiyo maana inayotakiwa. Neno "kasoro" limeachiwa maana pana zaidi, yaani kila namna ambayo lenzi hushindwa kutoa taswira kamili.

Vitenzi vya kuondoa mpotoko navyo vinadai uangalifu. "Kusahihisha" hudhani kwamba lililo sahihi linajulikana. "Kunyoosha" hudhani kwamba kitu kilikuwa kimenyooka au kilistahili kunyooka. "Kurekebisha" hudai kidogo zaidi: kukirudisha kitu katika hali ifaayo kwa kazi fulani. Mafundi wa taswira huvitumia vitenzi hivi kana kwamba ni kimoja. Itaonekana hapa chini kwamba tofauti yake ndiyo tofauti kati ya kuihifadhi matini na kuiharibu.

3.0 Kasoro za Lenzi

Mwaka 1857 Philipp Ludwig von Seidel, mwanahisabati wa Munich, alizichambua kasoro za lenzi kwa hesabu na kuzigawa katika mafungu matano ambayo hadi leo hufundishwa kwa jina lake. Kasoro nne kati ya hizo huathiri ukali wa taswira kwa njia mbalimbali: nukta ya mwanga hugeuka doa, mkia au mstari, au uso wa taswira hujikunja kama bakuli hata katikati kukawa wazi na kingo zikawa na ukungu. Kasoro ya tano ni mpotoko, nayo ina tabia ya peke yake. Mpotoko hautii ukungu, bali huhamisha. Kila nukta hubaki kali na safi, ila imewekwa mahali pasipo pake.

Tabia hii ndiyo inayoufanya mpotoko kuwa wa hatari kwa msomaji. Taswira yenye ukungu humtahadharisha mtazamaji; hujua kwamba haoni vizuri. Taswira iliyopotoka huonekana safi, na mtazamaji huiamini.

Mpotoko wa kawaida una sura mbili. Ikiwa ukuzaji wa lenzi hupungua kadiri nukta inavyokuwa mbali na kitovu, mistari iliyonyooka hubinuka nje, na mraba hutuna kama pipa. Ikiwa ukuzaji huongezeka, mistari huingia ndani na pembe za mraba huvutwa nje, mfano wa mto wa kulalia ulioshikwa pembe zake nne. Katika hali zote mbili, kiasi cha uhamisho hukua kwa takriban mchemraba wa umbali kutoka kitovuni. Maana yake ni kwamba nukta iliyo nusu ya njia huhamishwa kwa moja ya nane tu ya uhamisho wa ukingoni. Ukingo wa ukurasa ukihamishwa milimita 2, nusu ya njia uhamisho ni robo ya milimita. Ndiyo maana anayekagua taswira kwa kutazama katikati yake peke yake huiona haina kasoro.

Katika skana ya mezani jambo lina sura nyingine. Chombo hiki hakiuoni ukurasa mzima kwa mara moja. Safu moja ya vihisio husoma mstari mmoja mwembamba, kisha mota huisogeza mbele ili isome mstari unaofuata. Kwa upana wa ukurasa, mpotoko hutoka kwenye lenzi. Kwa urefu wake, hutoka kwenye mota. Mota ikisita kidogo, sehemu moja ya ukurasa hubanwa au kuvutwa. Kosa la upana na kosa la urefu hayana asili moja, kwa hiyo hayawezi kuondolewa kwa hesabu moja.

4.0 Mpotoko Unaotengenezwa Makusudi

Ingedhaniwa kwamba lenzi bora daima ni ile isiyo na mpotoko. Sivyo. Mashine ya kuchapisha kwa leza, iliyobuniwa na Gary Starkweather katika kampuni ya Xerox kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, humpa mwanafunzi wa jambo hili somo zuri. Ndani yake mwale wa leza hugonga kioo chenye nyuso nyingi kinachozunguka kwa kasi isiyobadilika, na kila uso wa kioo huufagisha mwale huo kutoka upande mmoja wa karatasi hadi mwingine.

Kioo kinapozunguka kwa kasi ileile, pembe ya mwale huongezeka kwa hatua sawa. Lakini lenzi isiyo na mpotoko huiweka nukta mahali panapolingana na tanjenti ya pembe, wala si pembe yenyewe, na tanjenti hukua kwa haraka kuliko pembe. Kwa lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 200, pembe ya digrii 15 ingeiweka nukta kwenye milimita 53.6 kutoka katikati, ilhali hatua zilizo sawa zingetaka 52.4. Tofauti ni ndogo. Kwa digrii 30 nukta ingeanguka kwenye milimita 115.5 badala ya 104.7. Pembe imeongezeka mara 2, lakini kosa limeongezeka karibu mara 9. Herufi za katikati ya ukurasa zingebanana, na za kando zingetanuka.

Dawa iliyopatikana ni kutengeneza lenzi yenye mpotoko wa pipa kwa kiasi kilichokusudiwa, ili upungufu wake ukomboe ziada ya tanjenti. Lenzi hiyo ikipewa kazi ya kupiga picha ya nyumba, itaipinda nyumba. Ikiwekwa mbele ya kioo kinachozunguka, hutoa mistari iliyo sawasawa. Funzo lake ni kwamba mpotoko si sifa ya lenzi peke yake. Ni uhusiano kati ya lenzi na kazi iliyopewa. Asiyejua kazi iliyokusudiwa hawezi kujua ni kipi cha kusahihisha.

5.0 Timazi na Ubao wa Miraba

Mpotoko hupimwaje? Mwaka 1971 Mmarekani Duane C. Brown alieleza njia ambayo mwashi yeyote angeitambua. Aliitegemea mistari ya timazi, nyuzi zilizonyoshwa na uzito, akazipiga picha. Nyuzi zinajulikana kuwa zimenyooka. Katika taswira zikitokea zimepinda, mpindo ni wa lenzi, na kutokana na mpindo huo hesabu ya mpotoko hupatikana. Hesabu yake ilijumuisha pia kosa litokanalo na vipande vya lenzi visivyokaa katika mhimili mmoja, jambo alilolishughulikia A.E. Conrady mwaka 1919. Mwaka 2000 Zhengyou Zhang alirahisisha kazi hiyo zaidi: ubao bapa wenye miraba myeusi na myeupe hupigwa picha mara kadhaa kwa pembe mbalimbali, na kompyuta hufanya yaliyosalia.

Njia hizi zote zina sharti moja. Kitu cha kupimia lazima kiwe nje ya kile kinachopimwa, na unyoofu wake uwe umethibitishwa kwa njia nyingine. Sharti hilo likivunjwa, usahihi wote wa hesabu hauna faida. Historia ina mfano mkubwa. Darubini ya Hubble ilipopelekwa angani Aprili 1990, taswira zake zilitoka na ukungu. Kioo chake kikuu, chenye kipenyo cha meta 2.4, kilikuwa bapa kupita kiasi ukingoni kwa takriban mikroni 2.2. Kioo hicho kilikuwa kimesuguliwa kwa ustadi wa ajabu, lakini kwa kufuata chombo cha kupimia ambacho lenzi yake moja iliwekwa mahali pasipo pake kwa milimita 1.3. Vipimo vingine, vya vyombo vilivyo duni zaidi, vilikuwa vimeonyesha kosa hilo kabla ya safari, navyo havikusadikiwa.

Desemba 1993 wanaanga waliweka vyombo vya kusahihisha, na taswira zikawa kali kama ilivyokusudiwa. Kasoro ya Hubble haikuwa mpotoko kwa maana finyu iliyoelezwa hapo juu. Ni ndugu yake katika mafungu ya Seidel. Hata hivyo mafunzo yake mawili yanafaa hapa. La kwanza, kosa lililopimwa kikamilifu linaweza kuondolewa kikamilifu. La pili, kipimo kimoja kisipewe neno la mwisho kwa sababu tu ndicho kilicho ghali zaidi.

6.0 Ukurasa Usio Bapa na Nukta za Kiswahili

Kitabu kilichofunguliwa kina mpotoko ambao lenzi haikuuleta. Karibu na mshono, karatasi huinuka na kujikunja. Skana au kamera iliyo juu yake huuona mteremko huo kutoka juu, na upana wake hupungua. Penye mteremko wa digrii 60, milimita 1 ya karatasi huonekana kama nusu milimita.

Kwa kitabu cha hati za Kilatini hasara hii huvumilika. Herufi iliyobanwa hutambulikana kwa umbo lake. Hati za Kiarabu zina desturi tofauti. Herufi kadhaa hushiriki mwili mmoja na kutofautishwa kwa nukta tu. Nukta moja chini ni be, mbili juu ni te, moja juu ya mwili uleule mwanzoni au katikati ya neno ni nuni. Maneno "bata", "tata" na "nata" hutofautiana kwa nukta za herufi ya kwanza peke yake. "Tatu" na "tabu" hutofautiana kwa nukta za herufi ya mwisho.

Aidha, waandishi wengi hawaandiki nukta mbili zilizotengana. Kwa wepesi wa kalamu huziunganisha kuwa kistari kifupi cha mlalo. Kwa hiyo kinachotenganisha te na nuni ni urefu wa kistari tu. Chukua kistari cha milimita 1 kilichonakiliwa kwa nukta 300 kwa inchi. Penye karatasi bapa kina takriban pikseli 12 kwa upana. Penye mteremko wa digrii 60 hubakiwa na 6, na kwa kuwa karatasi iliyoinuka huwa imetoka nje ya fokasi, ncha zake huyeyuka. Kistari huwa nukta. Aliyeandika "tata" husomwa "nata", na hakuna doa lolote katika taswira linalomwonya msomaji.

Mahali penyewe hapakuangukia kwa bahati njema. Kitabu cha hati za Kiarabu hushonwa upande wa kulia. Katika ukurasa wa kulia mstari huishia kwenye mshono. Katika ukurasa wa kushoto mstari huanzia hapo. Katika utendi ulioandikwa ubeti mmoja kwa mstari mmoja, vipande vinne vikifuatana, kipande cha mwisho cha ukurasa wa kulia ndicho kinachoangukia mteremkoni, nacho ndicho kinachobeba kina cha bahari, yaani kile kinachorudi kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Msomaji asiyeiona herufi vizuri huijaza kwa kutegemea kina. Mara nyingi hupatia. Lakini pale ambapo mtunzi alikiacha kina cha kawaida kwa makusudi, au mnakili alikosea, ushahidi hufutika bila mtu kujua kwamba ulikuwapo.

Ikumbukwe pia kwamba msomaji wa hati hizi amekwisha kubeba mzigo wa kutosha. Katika uandishi wa zamani be ilisimama pia kwa pe na kwa mb, hata maandishi yaleyale yakaweza kusomwa baba, papa, bamba au pamba kwa kutegemea muktadha. Sheikh Yahya Ali Omar na P.J.L. Frankl waliieleza historia ya uandishi huu katika makala yao ya mwaka 1997. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyeshirikiana na Taylor, aliongeza alama ili sauti za Kiswahili zitofautishwe vyema. Alama hizo ndogo, zilizowekwa kwa akili nyingi, ndizo za kwanza kupotea katika taswira mbovu. Uangalifu wa mwalimu mzima huenda ukapotezwa na karatasi iliyoinuka sentimita 1.

7.0 Usahihishaji na Mipaka Yake

Njia za kuusawazisha ukurasa uliojikunja zinaweza kugawanywa katika makundi matatu, kwa kufuata kile kinachotumika kuwa timazi.

Kundi la kwanza hupima umbo la karatasi yenyewe. Mwaka 1997 watafiti wa Japani Toshikazu Wada, Hiroyuki Ukida na Takashi Matsuyama walionyesha jinsi kivuli kinachoonekana karibu na mshono kinavyoweza kutumiwa kukokotoa mteremko wa karatasi, kisha ukurasa ukakunjuliwa kwa hesabu. Mwaka 2009 kampuni ya Google ilipewa hataza ya njia ya kumulika mchoro wa mwanga usioonekana kwa macho juu ya kitabu ili umbo la kurasa lipimwe na kamera. Hapa timazi iko nje ya maandishi. Kinachopimwa ni karatasi, na maneno hayaulizwi chochote.

Kundi la pili hutumia mistari ya maandishi. Programu hutafuta mistari, hudhani kwamba yote ilinyooka na kulingana, kisha huuvuta ukurasa mpaka inyooke. Kwa kitabu kilichopigwa chapa dhana hii ni ya haki, maana mashine ndiyo iliyoipanga mistari. Kwa mswada, dhana hii ni kosa. Mwandishi wa hati za Kiarabu anapokaribia mwisho wa mstari na nafasi ikamwishia, huinua maneno ya mwisho au huyapandisha moja juu ya jingine. Maelezo ya pambizoni huandikwa kwa mshazari ili yasichanganywe na matini kuu. Mkono wa mzee hushuka kadiri mstari unavyoendelea. Yote haya humweleza mtafiti jambo: mnakili ni mmoja au wawili, aliandika kwa haraka au kwa utulivu, neno liliongezwa baadaye au tangu awali. Programu inayonyoosha mistari huyaondoa yote na kuita kazi hiyo usahihishaji.

Kundi la tatu ni la programu zilizofunzwa kwa mifano mingi, mathalani ile iliyoitwa DocUNet, iliyochapishwa mwaka 2018. Hupewa taswira iliyojikunja na kukisia kila pikseli ilitoka wapi. Nyingine huenda mbali zaidi na kujaza palipofifia. Hapa timazi ni kumbukumbu ya kurasa nyingine. Swali la kuuliza ni: kurasa zipi? Programu iliyofunzwa kwa risiti na magazeti haina habari ya mkono wa Lamu wala wa Pate.

Hatari ya kuweka umbo lililozoeleka mahali pa umbo lililopo imekwisha kuthibitishwa. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox za kunakili zilibadilisha tarakimu, 6 ikawa 8, katika nakala zilizoonekana safi kabisa. Sababu yake haikuwa lenzi. Ili kupunguza ukubwa wa faili, programu ilitafuta vipande vinavyofanana na kutumia kimoja mahali pa vyote. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu. Ikiwa tarakimu 6 na 8, zenye maumbo tofauti, ziliweza kubadilishana, ni wazi kinachoweza kuzipata be na te ambazo mwili wao ni mmoja.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanalijua kosa hili kwa sura nyingine. Katika utenzi wa Kiamu hukutwa "mato" na "ndia". Mhariri aliyezoea Kiswahili sanifu akiandika "macho" na "njia", hatakuwa ameondoa kosa lolote. Atakuwa ameunyoosha mti uliopanda kwa asili yake, na kwa kufanya hivyo ameondoa lahaja, na pamoja na lahaja, ushahidi wa mahali na wakati. Mhariri huyo na programu ile wamefanya jambo moja: wamechukua mazoea yao wakayafanya timazi.

8.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na hayo, yafuatayo yanapendekezwa kwa kila anayenakili au kutumia taswira za miswada. Kwanza, taswira ghafi, kama ilivyotoka katika chombo, ihifadhiwe daima pamoja na ile iliyosahihishwa. Mpotoko uliohifadhiwa unaweza kuondolewa kesho kwa hesabu bora. Usahihishaji mbaya uliofanywa juu ya nakala pekee hauna tiba. Pili, rula na ubao wa miraba vipigwe picha kwa chombo kilekile, katika hali ileile, siku ileile, kwani ndivyo vitakavyokuwa timazi ya mtafiti wa baadaye. Tatu, hatua zote za usahihishaji ziandikwe katika katalogi kama jina la mnakili linavyoandikwa. Nne, kurasa zenye mteremko mkali karibu na mshono zinakiliwe mara mbili, mara ya pili chombo kikiielekea sehemu hiyo, bila kuulazimisha mshono kufunguka kupita uwezo wake. Tano, mtafiti anayejenga hoja juu ya nukta moja iliyo karibu na mshono aseme wazi kama ameiona nukta hiyo katika karatasi, katika taswira ghafi, au katika taswira iliyosahihishwa.

Mapendekezo haya hayahitaji fedha nyingi. Rula ni rahisi kupatikana, na ubao wa miraba waweza kuchapishwa ofisini. Yanachohitaji ni kutambua kwamba karatasi nyingi za Pwani, zinazoliwa na unyevu na wadudu katika masanduku ya nyumbani, hazitaishi muda mrefu kama taswira zake. Siku karatasi itakapokwisha, taswira haitakuwa tena nakala. Itakuwa ndiyo mswada wenyewe, na kila kosa lililomo litahesabiwa kuwa ni la mwandishi, ambaye hatakuwapo kujitetea.

Fizikia imewafundisha wanaisimu jambo lenye manufaa: kosa la chombo si la kuonewa haya, mradi limepimwa. Isimu nayo ina la kuwafundisha wanaotengeneza vyombo: si kila kilichopinda kimepotoka. Kistari kilichofupishwa na mteremko kirudishiwe urefu wake, na mstari ambao mwandishi aliuinua kwa mkono wake uachwe umeinuka.